Mgeni Aliye Gerezani





Redio zitangazapo kwamba Waethiopia wamekamatwa, vibarazani mwetu Kariakoo husikika neno moja tu: "haramu". Lakini kijana wa mtaa wetu ajifichapo melini pale bandarini bila hati yoyote, twasema "amezamia". Wengine humsifu kwa ujasiri, na mama yake twamwombea. Kosa ni lile lile. Tofauti ni kwamba huyu ni mtoto wetu.

Mwezi Juni 2012, mkoani Dodoma, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Mwezi Machi 2020, wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji. Wengi wapitao njia hiyo hutoka Hadiya na Kembata, kusini mwa Ethiopia, ambako watu ni wengi na mashamba ni madogo. Familia huuza mifugo au hukopa ili kumlipa dalali. Kijana huvuka Moyale, hupita Kenya na nchi yetu, akitafuta kazi Afrika Kusini. Akikwama njiani, huona haya kurudi mikono mitupu kwa wale waliouza mali kwa ajili yake.

Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, nami sisemi tuvunje sheria. Nasema kwamba tendo laweza kuwa haramu, lakini mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hawi haramu kamwe. Hasira yetu na imwelekee yule apokeaye fedha ya maskini, kisha akamfungia garini kama gunia.

Katika Mathayo sura ya 25, Bwana ajitambulisha kwa mgeni na kwa mfungwa. Mwethiopia aliye gerezani ni wote wawili kwa pamoja. Naye hana ndugu wa kumletea hata kipande cha sabuni.

Basi, Jumuiya zetu ziendapo kuwatembelea wafungwa, Keko au Segerea, ziwaulizie pia wageni wasio na mtu. Tuwatendee kama tutakavyo mama mmoja wa ng'ambo amtendee mtoto wetu aliyezamia.

Nawatakieni Dominika njema.