NENO KWA WAZAZI: Mtoto Asomapo, Nani Amsikiliza?

Safari hii twapenda kunena juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa kazi ya mwalimu peke yake, nalo ni kusoma kwa watoto. Twapita katika nyumba za Wakristo, nasi twaona ya kuwa mtoto akirudi kutoka shule hutumwa maji, hutumwa kuni, hutumwa dukani, na hayo yote ni mema. Lakini ni chache nyumba ambazo mtu mzima humwambia, "Lete kitabu chako, keti hapa, unisomee."

Tukiwauliza wazazi sababu, hutupa majibu mawili. Mmoja husema, "Mwalimu yuko, naye hulipwa kwa kazi hiyo." Mwingine husema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Hatusemi ya kuwa haya ni majibu ya wavivu. Lakini yafaa tuyapime yote mawili.

Tuanze na habari ya mwalimu, tufanye hesabu kidogo. Tuseme darasa lina watoto 60, na kipindi ni cha dakika 30. Mwalimu asipofundisha neno lo lote, bali akawasikiliza tu mmoja mmoja, kila mtoto atapata nusu dakika. Tena mwalimu hawezi kunyamaza kipindi kizima, kwa kuwa ana mengi ya kuonyesha. Basi mtoto aweza kumaliza juma zima asisome kwa sauti peke yake hata mara moja. Husoma pamoja na wenzake, na sauti ya wengi humficha asiyejua, kama majani marefu yamfichavyo kwale. Lakini mtoto yule yule akisoma nyumbani dakika 15 kila jioni, kwa siku 6 za juma, atakuwa amesoma dakika 90, yaani sawasawa na zamu 180 za darasani. Mwalimu hufyeka msitu, lakini njia haiwi njia ila kwa kukanyagwa kila siku.

Sasa tulitazame jibu la pili, la mzazi asiyejua herufi. Huyu ndiye tunayemwandikia hasa, na kama hawezi kuyasoma maneno haya mwenyewe, twamsihi aliye karibu naye amsomee. Ndugu yetu, mtoto wako hahitaji mwalimu wa pili nyumbani. Ahitaji mtu wa kumsikiliza.

Tuliingia siku moja katika nyumba ya mama mjane, ambaye mwanawe alikuwa darasa la pili. Mtoto akasimama akasoma kwa sauti nzuri, pasipo kusita, hata mama akajaa furaha. Lakini alipofunua, kurasa mbili zilikuwa zimeshikana, akaruka mmoja asijue, naye akaendelea kuyatamka maneno ya ukurasa ule uliorukwa. Ndipo tukafahamu ya kuwa hasomi. Alikuwa ameyakariri yote kwa kuwasikia wenzake. Hatukumwaibisha, tulimwonyesha neno moja tu, lililo mbali na picha, akanyamaza. Mama alihuzunika sana, akauliza, "Nami nitajuaje, mtu nisiyejua hata a?"

Tulimjibu hivi, na jibu lenyewe lawafaa wengi. Mpe mtoto kijiti cha ukuti, akiweke chini ya kila neno alitamkalo, wala asikubaliwe kutamka neno ambalo kijiti hakijalifikia. Kisha gusa neno moja wapo katikati ya ukurasa, umwulize, "Hili ni neno gani?" Lishike kwa macho sura yake. Baada ya kitambo litafute tena katika ukurasa ule, neno lenye sura ile ile, umwulize mara ya pili. Akilitamka vile vile, asoma. Akilitamka vingine, abahatisha. Jicho lako laweza kuona ya kuwa maneno mawili yafanana, hata kama hujui jina lake.

Mama yule alifanya hivyo kila jioni, miezi mingi. Mtoto akawa anasoma polepole, kwa kusitasita, na ile fahari ya kwanza ikatoweka. Jirani mmoja alisema kwamba mtoto amerudi nyuma. La, hakurudi nyuma. Wakati huo ndipo alipoanza kusoma.

Wazazi wenye kujua kusoma wana msaada zaidi wa kutoa, nao si mgumu. Kiswahili kimetupa neema kubwa: irabu zetu ni 5 tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake ile ile katika neno lo lote. Basi mtoto akizijua vema silabi, ba, be, bi, bo, bu, na nyinginezo, hakuna neno refu la kumshinda. Aonapo neno kama watakapotusomea, asilitazame lote kwa hofu. Mfunike kwa kidole, alifungue kidogo kidogo: wa-ta-ka-po-tu-so-me-a. Silabi ni 8, na kila moja ameijua tangu darasa la kwanza. Yaliyo magumu ni machache, nayo yataka subira: m iliyo peke yake, kama m-to-to, ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, th, dh na gh, tena mw na kw. Akikosea hapo, usimtajie neno upesi. Ngoja kidogo, mwache ajaribu. Akishindwa kabisa, litamke nawe taratibu, alirudie, kisha aendelee.

Lakini kutamka si mwisho wa kusoma. Mnakumbuka habari ya yule towashi wa Kushi, katika kitabu cha Matendo ya Mitume, jinsi alivyosoma chuo cha nabii Isaya garini mwake, na Filipo akamsikia. Filipo hakuisifu sauti yake. Alimwuliza kama aliyafahamu aliyoyasoma. Swali hilo ni la kila mzazi, naye asiyejua herufi aweza kuliuliza sawasawa na ajuaye. Mtoto akiisha kusoma, afunge kitabu, nawe umwulize: Ni nani waliotajwa? Walifanya nini? Kwa nini walifanya hivyo? Asipoweza kusimulia, arudie kusoma. Hivyo mzazi apata hadithi, na mtoto apata kujua ya kuwa maneno ya kitabu yana maana kama maneno ya kinywa.

Tena twawasihi juu ya fimbo na dhihaka. Wako wazazi ambao kwa bidii njema huketi na kitabu mkono mmoja na ufito mkono wa pili. Mtoto mwenye hofu hayaoni maandiko. Huutazama mkono wa baba. Wako na wengine wacheka mtoto akikosea, au humwambia, "Mwenzako wa nyumba ya pili asoma kama mwalimu." Mtoto wa namna hiyo hujifunza jambo moja upesi sana, nalo ni kukificha kitabu. Afadhali kusoma mistari 3 kwa amani kuliko kurasa 3 kwa machozi.

Liko neno lingine ambalo hatuwezi kulipita. Katika nyumba nyingi saa ya kusoma ya mwana wa kiume ndiyo saa ya binti ya kuosha vyombo. Taa ni moja, kaka yuko mezani, na dada yuko jikoni. Kisha mwaka ukiisha twasema kwamba wasichana hawana akili ya vitabu. Je, alipewa lini dakika zake 15? Wagawieni kazi wote wawili, wagawieni na mwanga wote wawili. Binti huyu kesho ni mama, na watoto wake watamletea vitabu vyao, kama wa kwenu wawaleteavyo ninyi leo.

Wengine watauliza, "Tusome nini? Vitabu hatuna." Someni Injili na kitabu cha nyimbo. Someni barua zinazokuja nyumbani, naye mtoto afundishwe pia ya kuwa msomaji wa barua za wazee hatoi siri zake nje. Someni maandiko yaliyo juu ya mfuko wa unga na chupa ya dawa. Someni na gazeti hili. Gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na tangu zamani hizo makaratasi ya misheni yamepigwa chapa yapate kusomwa nyumbani, wala si kufungia karanga. Kule Buganda, katika karne ya 19, waliokuja kufundishwa dini walijulikana kwa jina la wasomaji. Haifai sisi watoto wa jina hilo tuwe na nyumba zisizosikika sauti ya asomaye.

Nanyi waalimu wenzetu, twawaomba msivifungie vitabu kabatini kwa kuogopa mafuta na panya. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Waazimeni watoto, muandike majina yao, muwaonyeshe kukifunika kwa karatasi na kunawa mikono. Na mzazi ajapo kuuliza habari za mwanawe, mwambieni kweli. Msimpe sifa za bure, akaenda zake akifurahi juu ya mtoto asiyesoma.

Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo waraka wa pili, aliwakumbuka bibi yake Loisi na mama yake Eunike, akamkumbusha na jinsi alivyoyajua Maandiko tangu utoto wake. Yule mtumishi mkuu wa Kanisa alianzia kwa bibi na mama. Basi jioni hii, chakula kikiisha na kabla ya sala, vuteni kigoda karibu na taa, mwite mtoto na kitabu chake, mketi kimya mkimsikiliza. Kesho mfanye vivyo hivyo, na kesho kutwa pia, maana haba na haba hujaza kibaba.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.