Paa la Kariakoo lilindwe kisheria

Serikali ilitangaze jengo kuu la Soko la Kariakoo kuwa urithi wa taifa, na isingoje. Baada ya moto wa usiku wa Julai 10, 2021, zaidi ya shilingi bilioni 28 zilitengwa kwa ukarabati wake na ujenzi wa soko jipya ubavuni. Sehemu ya fedha hizo za umma imekwenda kwenye jengo ambalo umri wake haulipi kinga yoyote.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyokuja baadaye husubiri tamko la waziri. Ndiyo kusema magofu ya Kilwa yana sheria nyuma yao, lakini kazi kubwa ya msanifu Mtanzania, iliyobuniwa baada ya uhuru kwa ajili ya muuza nyanya na mnunuzi wake, haina hadi mtu atie saini.

Msanifu huyo ni Beda Amuli, aliyesomea fani yake Haifa, Israel, akarudi kufungua ofisi yake mwenyewe wakati kazi hiyo Afrika Mashariki ilikuwa karibu yote mikononi mwa wageni. Alipewa kiwanja chenye historia nzito. Wajerumani walikuwa wamesimamisha banda la soko hapo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza wakaweka kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, kikosi ambacho maelfu ya watu wake walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi likabaki kwa matamshi ya Kiswahili, Kariakoo, na soko likarudi. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akafungua jengo la Amuli.

Mtu asimame chini ya paa lile atazame juu. Ni makombe makubwa ya zege, kila moja juu ya nguzo yake, yamekaa kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Joto la Dar es Salaam hupanda na kutokea katika nafasi zilizoachwa kati yake, na mwanga huingilia humo humo, hivyo mchana soko halihitaji feni wala taa nyingi. Mvua ikinyesha, makombe huyakusanya maji na kuyateremsha hadi kwenye matangi ya chini. Miaka hamsini iliyopita, kabla wataalamu hawajaanza kutuhubiria uvunaji wa maji ya mvua, mtu wetu alikwisha kuuchora na ukajengwa.

Chini kuna shimoni, kama wanavyopaita wenyeji, ambako magari hushuka na mizigo ya jumla bila kumsumbua mnunuzi wa rejareja aliye juu. Hesabu hiyo ya nani apite wapi ni ya mtu aliyelijua soko.

Jengo la namna hii haliuawi na tingatinga peke yake. Ukiziba nafasi moja ya paa kwa bati ili upate kizimba cha ziada, joto linabaki ndani. Ukipitisha ukuta katikati ya ukumbi upate maduka ya kodi kubwa, upepo unakwama. Tamko la waziri lingeyaweka mabadiliko ya aina hiyo chini ya kibali na macho ya wataalamu.

Wapo wafanyabiashara wanaohofia kwamba jengo likiitwa urithi litageuka makumbusho. Hofu hiyo tunaielewa, ila waangalie Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako watu wanauza na kununua kila siku ndani ya nyumba zinazolindwa. Wala kinga haizuii vizima moto, milango ya dharura na nyaya mpya za umeme. Baada ya yaliyotokea 2021, hivyo ni vya lazima.

Tamko hilo liandamane na mambo mawili. Shirika la Masoko ya Kariakoo liiweke michoro ya Amuli mahali ambapo wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi wataiona bila kuomba kwa miezi. Na vizimba vya ukumbini vibaki kwa wauza vyakula wadogo, kwa kodi wanayoimudu, maana jengo hili lilichorwa kwa kipimo cha meza zao.