Herufi za Miraba Ni Zetu Pia



Herufi nene za miraba, zile za michezo ya kompyuta ya miaka ya 1980, zimerudi kwenye nembo na mabango. Wapo wanaosema ni mambo ya vijana wa kompyuta. Sisi hatukubali. Mwanamke anayefuma kitambaa cha kochi kwa kroshia na kuandika KARIBU hufanya kazi ile ile: anahesabu miraba, huu anaujaza, huu anauacha wazi. Hata Susan Kare, mwanamke aliyechora herufi na alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alizichora kwenye karatasi ya miraba, na mwenyewe ameilinganisha kazi hiyo na kudarizi.

Basi dada mwenye biashara asiogope kuzitumia. Ajue tu adabu zake.

Tuchukue mfano wa Mang'ula, kule bonde la Kilombero, kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Dada wa huko anataka jina la mji wake lisomeke kwenye mfuko wa mchele. Ipo fonti ya bure, Press Start 2P, ambayo kila herufi yake hukaa ndani ya kisanduku cha miraba 8 kwa 8. MANG'ULA itachukua miraba 64 kwa urefu. Tatizo ni ritifaa, kile kialama cha juu baada ya G. Nayo hupewa kisanduku kizima, na jina likaonekana limekatika katikati. Njia ya mkato ni kuifuta, ibaki MANGULA. Tafadhali, tusifanye hivyo! Ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe, na jina la mji wa watu si la kupunguzwa ili lipendeze. Iache ritifaa, kisha sogeza herufi zikaribiane, mraba mzima mzima, kama unavyohesabu kwenye kroshia.

Ukikuza, kuza kwa mafungu ya nane: 16, 24, 32. Ukubwa wa katikati huzifanya kingo zififie.

Na la mwisho, herufi hizi ni za jina tu. Zikiwa ndogo, 8 hufanana na B, na 0 na O huchanganya. Uzito, bei na tarehe ya mwisho wa matumizi viandikwe kwa herufi za kawaida, ambazo hata bibi asiye na miwani atazisoma. Mapambo ni ya kumvuta mteja, lakini kipimo ni amana. Mnunuzi asiposoma alichokilipia, uzuri wa mfuko haumsaidii, wala haututoi sisi kwenye dhima.