Bahari Moja, Kufuli za Nani?

Mwaka 2008 shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliletewa diski ya DVD kutoka Marekani. Ndani yake mlikuwa na harusi ya mjukuu wake, mtoto aliyemlea mwenyewe hapa Mombasa kabla hajachukuliwa ng'ambo na wazazi wake. Jioni ile tulikusanyika ukumbini, jamaa na majirani, kahawa na halua tayari, diski ikatiwa katika deki. Picha zikatoka nyeusi na nyeupe, zikawa zinapanda juu bila kutulia, wala hapana aliyeweza kumjua bwana harusi. Sauti ilikuwa safi. Shangazi akakaa akisikiliza vigelegele vya watu asiowaona. Kesho yake fundi akatoa hukumu: "Diski hii imeharibika, Mama." Ikatiwa kabatini, na shangazi akaondoka duniani bila ya kuiona harusi ile.

Mwaka jana, nilipokuwa nikipanga vitu vyake, niliikuta. Nikaijaribu katika televisheni nyembamba ya mwanangu. Picha zikatoka kwa rangi zake zote, hata hina mikononi mwa bibi harusi ikaonekana. Diski haikuwa na ila yoyote. Kilichokosekana siku ile ni mtu wa kutueleza. Ndipo nilipoona ni wajibu wangu kuliandika jambo hili, kwani najua si nyumba ya shangazi peke yake iliyo na diski kama ile kabatini.

Hapana budi kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi, na mafundi wengi, huyachanganya.

La kwanza ni mfumo wa picha, na asili yake ni umeme. Umeme wa Marekani hufanya mizunguko 60 kwa sekunde, na wa kwetu hufanya 50. Walioanzisha televisheni walifuata mwendo wa umeme wa nchi zao ili picha isiingiliwe. Basi Wamarekani wakashika mfumo uitwao NTSC, uliotiwa rangi mwaka 1953: mistari 525 katika kila picha, na picha kiasi cha 30 kwa sekunde. Huko Ujerumani Magharibi mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken akabuni mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, ukaanza kutumika hewani mwaka 1967. Waingereza wakauchukua, nasi tukawafuata. Wafaransa wakashika wao, SECAM.

Televisheni ya shangazi ilijua PAL tu. Ilipoletewa NTSC ilikuwa kama muimbaji aliyezoea mashairi ya mizani kumi na sita akapewa ya mizani kumi na mbili: maneno anayaona, lakini mahadhi hayakai. Hapa siwezi kumlaumu mtu. Ni tofauti ya mitambo, kila taifa lilijenga kwa kadiri ya ilichokuwa nacho.

Tofauti hiyo hugusa hata sikio. Filamu ya sinema hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. Ikitiwa katika PAL, aghalabu huendeshwa kwa picha 25, yaani huharakishwa kwa asilimia 4. Filamu ya The Message ya marehemu Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1976 na ambayo wengi wetu tunaijua, ina muda wa karibu saa tatu. Kwa mwendo wa PAL humalizika kiasi cha dakika saba mapema, na sauti za wasemaji zisiporekebishwa hupanda kidogo. Wengi hawatambui. Mshairi aliyezoea kupima sauti huenda akahisi kwamba kuna mtu anayemkimbiza msemaji.

La pili ni kufuli ya eneo. Hili si la umeme, ni la biashara. DVD zilipotoka Japani mwishoni mwa mwaka 1996, na Marekani mwaka 1997, makampuni makubwa ya sinema yaliugawa ulimwengu mafungu sita. Diski hubeba nambari ya fungu lake, na deki hubeba yake. Nambari zisipolingana, deki hukataa, ingawa inao uwezo wote wa kuisoma diski ile. Siku zile filamu ilionyeshwa Marekani kwanza, kisha kwingineko baada ya miezi, na wenyewe hawakutaka diski ifike kabla ya sinema. Tena walitaka kuuza kila upande kwa bei waionayo inafaa upande huo.

Sasa itazameni ramani yao. Marekani na Kanada ni fungu la 1. Ulaya, Japani, Afrika Kusini, Misri na nchi za Ghuba ni la 2. Asia ya Kusini-Mashariki ni la 3. Australia na Amerika ya Kusini ni la 4. Uchina ni la 6. Sisi tumetiwa la 5, pamoja na Bara Hindi, Urusi na Mongolia. Yaani Mombasa na Mumbai ni ndugu, lakini Mombasa na Maskati ni wageni! Bahari iliyoleta majahazi kwa kaskazi na kuyarudisha kwa kusi, bahari iliyotuchanganyia damu, maneno na vyakula, imekatwa na watu ambao sidhani kama walipata kusikia jina la pepo hizo.

Mimi yalinifika. Nilinunua diski halali Maskati, kwa bei ya kutosha, na mfumo wake ni PAL kama wetu. Nilipofika nyumbani deki ikaniandikia kwamba eneo si lake. Wala wakubwa hawakusalimika. Mwezi Machi 2009 Rais Barack Obama alimzawadia Gordon Brown, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, diski za filamu 25 za Kimarekani. Magazeti ya Uingereza yakaripoti kwamba zilikuwa za fungu la 1, zikakataa kuonekana huko.

Watasema wenye filamu kwamba wanalinda jasho lao. Mimi ni mtu wa kalamu, na najua uchungu wa kazi ya mtu kuibwa. Lakini kufuli hii haikumzuia mwizi. Diski za kunakiliwa zilizojaa vichochoroni hazikuwa na nambari yoyote, zilikubali katika kila deki. Iliyokataa ni ile ya mnunuzi mwaminifu. Chuoni tulifunzwa kwamba muuzaji akiijua ila ya bidhaa yake, sharti aibainishe kabla ya kupokea thamani. Je, nambari ndogo katika alama ya dunia, nyuma ya jalada, ambayo hakuna aliyetufafanulia maana yake, ni kubainisha huko?

Hata wao wenyewe hawakuuamini sana mgawanyo wao. Filamu nyingi za Kihindi zilitolewa bila ya kufuli, kwa mfumo wa NTSC. Diski za Blu-ray zilipokuja mwaka 2006, mafungu yakawa matatu: safari hii sisi na nchi za Ghuba tukatiwa pamoja, India ikapelekwa kwingine. Zilipotoka diski za 4K mwaka 2016, kufuli ikaachwa kabisa. Lakini ukuta wenyewe haukuvunjwa, umehamia katika intaneti. Leo kijana wa Lamu hulipia huduma ya filamu, akatafuta filamu anayoitazama binamu yake aliyeko Dubai, akaambiwa haipo katika nchi yake. Diski angalau ilikuwa mali yangu, naweza kumwachia mwanangu. Ya intaneti huondolewa usiku, asubuhi huikuti.

Basi nyumbani tufanyeje? Diski ya harusi iliyorekodiwa na jamaa, aghalabu haina kufuli ya eneo. Ikikataa, tazama mfumo wa picha kwanza. Televisheni za kisasa nyingi hupokea NTSC na PAL pia. Deki nyingi zilizouzwa kwetu hukubali kila eneo, au huweza kufunguliwa. Ukitumia kompyuta, jihadhari: mtambo wake wa DVD hukuruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, kisha hubaki hapo ulipouacha. Na lililo kubwa zaidi, diski za kurekodia hufifia kwa miaka. Harusi, maulidi, sauti za wazee waliokwisha tangulia, zote hizo zinakiliwe mahali pengine wakati bado zinasomeka.

Nimemwomba mwanangu ainakili ile ya shangazi, na nakala nikawapelekea ndugu zake waliobaki. Wao walimwona mjukuu wao. Yeye alisikia vigelegele tu. Kama kabatini mwako mna diski uliyoambiwa imeharibika, na mama yako yu hai, itoe leo.