Kwa Nini Kwaki Hazilingani Uzito?

Sisi wa Dodoma twajua thamani ya maji. Mengi yanayofika hapa mjini hutoka visima vya Mzakwe, na kila tone lina haidrojeni. Ni wachache wanaofahamu kuwa haidrojeni ipo kwa sababu ya tofauti ndogo mno ya uzito.

Protoni na nyutroni zimejengwa kwa chembe ziitwazo kwaki. Kwaki ya chini ni nzito kuliko ya juu, karibu mara mbili. Ndiyo maana nyutroni huizidi protoni kidogo, nayo protoni hudumu. Lau ingekuwa kinyume, protoni ingeoza ikawa nyutroni, pasiwe na haidrojeni wala maji.

Kwaki ni aina sita, katika vizazi vitatu. Nguvu izifungayo pamoja haibagui. Kwake zote ni ndugu sawa. Lakini kwa uzito ulinganifu huo umevunjika vibaya: kwaki ya kilele, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1995, ni nzito kama mara 80,000 kuliko ya juu. Wengine husema, "Ndivyo zilivyo," wakanyamaza. Mimi sikubali jibu hilo.

Mwaka 1979 Froggatt na Nielsen walitoa wazo kwamba vizazi vilikuwa na ulinganifu wao, ukavunjika kidogo tu. Ni kama ushuru: kila kizuizi ambacho kwaki hupita, hubakiwa na sehemu moja ya tano hivi ya uzito. Ile ya kilele hailipi kitu. Nilipiga hesabu daftarini: tano saba zikizidishwa pamoja hutoa 78,125. Tazama zilivyokaribiana!

Tena kwaki za kizazi kimoja huchanganyika na za kingine. Kipimo cha mchanganyiko kati ya kizazi cha kwanza na cha pili, alichokieleza Mwitaliano Cabibbo mwaka 1963, ni 0.22, kati ya cha pili na cha tatu ni 0.04, yaani moja ya tano ya moja ya tano.

Wapingao husema idadi ya vizuizi huchaguliwa ili hesabu ikubali. Ni kweli, wala majaribio hayajalithibitisha wazo hili. Hata hivyo, nambari ile ile ikitokea pawili, yafaa tuulize.

Kwa hiyo nawaomba walimu watupe kipindi kimoja cha maswali yasiyo na majibu, hata kama hayatoki katika mtihani. Nao wazazi wasidhani haya ni ya Ulaya tu: tangu mwaka 2018 ipo Kigali Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, ifundishayo fizikia ya juu. Mimi nimekwisha kumwuliza baba nauli.