Mfungulie Jirani Mlango wa Uani

Ikiwa wakaa Msambweni, Vanga au Lunga Lunga, huenda una shangazi au binamu huko Tanga. Mpaka haujawahi kukata udugu. Lakini je, jamaa huyo akifungiwa mtandao utamfaaje?

Hili si swali la kubuni. Mei 2025 mtandao wa X ulizibwa Tanzania. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa. Nasi tusicheke. Novemba 2023, wakati wa mtihani wa KCSE, Wakenya wengi waliikosa Telegram. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Iko programu ya bure iitwayo Tor. Hufanya kazi kama mbio za kupokezana kijiti. Ujumbe hupitia kompyuta tatu za watu waliojitolea duniani, na kila moja hujua tu ulikotoka na unakokwenda mara moja. Wazuiaji walipoanza kuziba anwani za mitambo hiyo, ikabuniwa njia nyingine, Snowflake.

Hapo ndipo unapoingia wewe uliye Diani. Waongeza programu ndogo katika Firefox au Chrome, basi. Aliyefungiwa hupitia kwako kama jirani apitaye mlango wa uani. Kwa anayelinda mtandao, safari hiyo hufanana na simu ya video.

Je, kuna hatari? Ujumbe umefumbwa, huwezi kuusoma. Tovuti inayotembelewa haioni anwani yako bali ya kompyuta ya mwisho. Mwenye kompyuta hiyo ndiye huandamwa na malalamiko, kwa hivyo usianzie huko. Gharama yako ni bando. Afadhali waifai ya kulipia kwa mwezi. Kompyuta ikiwa ya shule au ofisi, omba ruhusa kwanza.

Hata hivyo tusidanganyane. Mlango wa uani hufaa panapo njia. Intaneti ikizimwa yote, kama Oktoba ile, Snowflake haifui dafu.

Tena mwambie jamaa yako ukweli. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania iliwataka wanaotumia VPN wajisajili. Wewe utapoteza bando tu. Yeye aweza kujitia matatani. Basi fungua mlango, lakini usimvute mkono. Kupita au kutopita ni uamuzi wake.

Udugu ni kufaana, si kufanana.