Kesi ya Mmoja Iwe Kesi ya Kijiji

Ndugu zangu wa Msimbati, Madimba, Kilambo, Mahurunga na vijiji vyote vya mwambao huu, mtu mmoja akisimama kuuliza gogo hili limekatwa kwa kibali cha nani, anaweza kunyamazishwa kwa karatasi moja ya mahakamani hata kama kila alichosema ni kweli. Anayemshtaki wala hahitaji kushinda. Inatosha kesi iahirishwe mara tatu au nne, mshtakiwa alipe wakili, nauli na malazi, aache shamba msimu wa palizi, na majirani wanaomtazama wajifunze kufumba macho. Kwa mfano, mwaka 2021 kampuni ya Samling, inayovuna magogo katika jimbo la Sarawak nchini Malaysia, ililishtaki kwa kashfa shirika dogo la SAVE Rivers na kudai fidia ya ringgit milioni 5. Shirika hilo lilikuwa limechapisha malalamiko ya wanavijiji kwamba hawakushirikishwa ipasavyo misitu yao ilipokuwa ikitafutiwa cheti cha uvunaji bora. Kesi ilining'inia zaidi ya miaka 2. Septemba 2023, mahakama ikiwa tayari kuisikiliza, kampuni ikaiondoa yenyewe. Kufikia hapo mashirika mengi ya nchi mbalimbali yalikuwa yameungana na washtakiwa na kuipinga kesi hiyo hadharani.

Kuna atakayesema Sarawak ni mbali na hapa kwetu hayajatokea. Lakini sheria yetu ya kashfa ina asili moja na ya Malaysia, yaani sheria ya Kiingereza iliyoachwa na wakoloni. Afrika Kusini, ambako kampuni ya kuchimba madini ya mchanga wa pwani iliwashtaki wanaharakati na mawakili wa mazingira, Mahakama ya Katiba iliamua Novemba 2022 kwamba mshtakiwa anaweza kujitetea kwa kuonyesha kuwa kesi imefunguliwa ili kumziba mdomo. Tanzania hatuna sheria mahususi ya kinga hiyo. Hapa kwetu ngao inabidi ianzie kwa watu wenyewe, na iandaliwe kabla kesi haijafika.

Kwamba kusini kuna cha kulindwa, na kuna wenye sababu ya kutaka kisisemwe, si jambo la kukisia. Mwaka 2007 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilitoa ripoti kuhusu wimbi la ukataji magogo lililoikumba kanda hii baada ya Daraja la Mkapa kufungua njia ya Rufiji mwaka 2003. Ripoti ilionyesha kuwa serikali ilikuwa ikipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka kwa mrabaha usiokusanywa, na kwamba mbao ambazo China iliandika kuzipokea kutoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya zile ambazo vitabu vyetu vilionyesha kuziuza. Magogo hayo yalipita mbele za watu. Gogo halali hugongwa nyundo ya misitu kwenye kitako chake na husafiri na hati yake. Anayelikuta limelala kando ya njia bila alama hana haja ya shahada yoyote kujua kuna tatizo. Kwenye mikoko ni wazi zaidi. Mikoko yote ya nchi hii ni msitu wa hifadhi, na ile ya mdomo wa Ruvuma imo pia ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Maji yakitoka, visiki vya mkandaa vilivyokatwa kwa ajili ya boriti huonekana vimejipanga kwenye tope, na wa kwanza kuviona ni mvuvi na mama anayeokota chaza, kabla ya ofisa yeyote.

Ombi langu ni kwamba mvuvi huyo na mama huyo wasibaki peke yao. Kwa sheria za serikali za mitaa, halmashauri ya kijiji ni mtu kisheria, inaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatupa haki ya kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira. Basi taarifa ya kisiki au gogo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe, mahali na picha, kisha itumwe kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na kwa mkuu wa wilaya kama kauli ya kijiji kizima. Atakayetaka kushtaki kwa kauli hiyo atakabiliana na kijiji. Wananchi wa delta ya Rufiji walionyesha njia mwishoni mwa miaka ya 1990, walipokwenda mahakamani kwa pamoja, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, kupinga mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba ambao serikali ilikuwa imeshauidhinisha. Mradi ule haukujengwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba viongozi wa kijiji wenyewe huenda ndio waliotia saini. Hutokea, na ripoti ile ya 2007 haikuwaficha viongozi wa ngazi yoyote. Ndiyo maana nasema mkutano mkuu, si ofisi ya mtendaji. Nakala za muhtasari zikae kwa watu watano au sita, wakiwemo wanawake na vijana, na panapo harufu ya rushwa nakala iende TAKUKURU. Wengine watasema tunapinga ajira na mapato. Hapana. Vijiji vya Kilwa vinavuna mpingo kwenye misitu yao na kuuza kihalali, na mwaka 2009 baadhi vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora wa misitu, cha FSC. Mvunaji mwenye leseni hapotezi chochote akiulizwa leseni. Kampuni nayo ina haki ya kulinda jina lake, kwa hiyo tuandike tulichokiona tu, tuache matusi na tetesi, kwa sababu ukweli uliothibitishwa ndio utetezi wa kwanza katika kesi ya kashfa.

Linabaki suala la fedha. Najua makato ya korosho yamewachosha wakulima, na siombi kato jingine. Naomba kila kijiji kiamue mchango wa hiari, mdogo, baada ya mauzo, uwekwe benki kwa jina la vijiji vyote vya mwambao, na hesabu zake zisomwe hadharani kila mkutano. Mawakili wa Mtwara nao wajitokeze sasa, waseme nani atapokea simu siku hati ya wito itakapofika. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wafundishe wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji namna ya kuandika taarifa inayosimama mahakamani. Mikutano mikuu huitishwa kila miezi 3. Mwombeni mwenyekiti wenu aliingize jambo hili kwenye ajenda ya mkutano unaokuja, na akikataa, ombeni kwa maandishi, muwe wengi kwenye orodha ya majina.